Ukurasa wa Arobaini na Saba

Marlys ameondoa kitambaa cha meza,
ameondoa chumvi, bili, dawa za presha,
akasema: haya, weka mashine yako hapa.
Nje, theluji ya Wiskonsini imefika usawa wa dirisha,
na ghalani, chini ya turubai,
trekta ya Orrin imelala na betri zake sita
kama ng'ombe aliyekauka maziwa.

Kiwanda kilichoiunda kilifungwa kabla sijazaliwa.
Michoro yote ilitupwa, malori mawili ya taka.
Ndivyo alivyopenda kusimulia Orrin,
na kila Krismasi akiongeza lori moja.
Kilichosalia ni kitabu hiki cha fundi:
kurasa mia na kumi na mbili,
pini mbili zilizoshika kutu,
na juu ya jalada, duara la kikombe cha kahawa
lililonyooka kuliko duara lolote lililochorwa ndani.

Nalaza ukurasa kifudifudi juu ya kioo.
Mwanga unapita chini yake, taratibu,
kama mtu anayetafuta hereni uvunguni.
Namna ya kufungua mota.
Namna ya kupima tindikali.
Namna ya kubadili burashi za kaboni
kabla hazijaanza kula shaba.
Lugha ya amri, kavu, isiyojua tafadhali:
Kata umeme kwanza. Vua pete ya ndoa.

Pembeni, kwa penseli, Orrin anabishana nacho.
Uongo.
Si nyundo, ni kiganja.
Nilikifuata Juni 1983, nikaunguza fyuzi tatu.
Na penye mchoro mkuu wa nyaya
ameufuta waya wa njano kwa mstari mmoja,
akaupeleka kwingine, akaandika HAPA,
kisha akaandika tena, kana kwamba kiwanda ni kiziwi,
HAPA.

Kompyuta inauliza: nisafishe madoa?
Ni kubonyeza tu. Ukurasa ungetoka mweupe
kama siku ulipochapwa, pamoja na kosa lake.
Marlys amesimama nyuma yangu, namsikia akipumua.
Kwenye skrini kuna alama ya dole gumba, nyeusi kwa grisi,
kila mstari wake unaonekana, unazunguka, unarudi.
"Hilo," anasema, "ndilo lililomaliza taulo zangu."
Nabonyeza Hapana.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema.
Hawakusema daftari nalo likipungua,
habari tuitafute wapi.

Maana arobaini na saba haipo.
Arobaini na sita inakatika njiani:
Usiunganishe kamwe betri ya nne kabla ya
na karatasi inayofuata inaanza na mafuta ya gia.
Tumekikung'uta kitabu. Tumepekua Biblia,
droo ya nyuzi, kopo la misumari,
mifuko ya koti ambalo Marlys hajaligawa bado.

Nikamwandikia Eldon Friesen, wa Manitoba,
ambaye trekta yake iliungua mwaka wa tisini
akabaki na kitabu.
Wiki tatu. Bahasha.
Ndani, karatasi moja iliyochanwa kwa rula, kwa adabu,
na kipande cha kalenda: Mimi sihitaji tena kujua.

Naiweka kwenye kioo. Mwanga unapita.
Marlys anavaa miwani, anasoma kwa sauti
mstari wa kwanza, herufi ndogo:
…kumwita mtu asimame karibu nawe.

Anaketi.
"Kila masika," anasema, "kila masika alikuwa akiniita ghalani.
Mikono yangu ina unga. Naenda.
Hanipi cha kushika, haniambii kitu.
Nasimama tu pale kwenye baridi kama mlingoti,
naye anakaza nati, anasema, basi, asante.
Nilidhani anataka nimsifu."

Theluji inadondoka kutoka paani, kwa kishindo.
Nasubiri kidogo. Kisha nageuza karatasi:
arobaini na nane,
jedwali la skrubu na vipimo vyake.