Jiwe

Ghislaine Pruvost, sita mgongoni,
mchana akipanga barua katika posta ya Béthune,
jioni akipanga watu uwanjani
kwa sauti ile ile: wewe huku, wewe kule,
wewe rudi, anwani yako si hiyo.

Chumba cha kubadilishia nguo hatukuwa nacho.
Tulivalia ghalani kwa Derycke muuza nyama,
kati ya kulabu,
jezi za wavulana za mwaka juzi
zikitufika magotini. Nauli juu yetu. Machungwa juu ya mama yake.
Mwenyekiti wa klabu alikuja mara moja kwa msimu,
akatupigia makofi
kama apigiwavyo mtoto aliyemaliza uji.

Mimi nilikuwa langoni. Niseme basi.
Novemba themanini na saba, ugenini Amiens, dakika ya mwisho,
mpira ulikuja taratibu,
mpira wa kuokotwa na bibi kizee kwa aproni,
ukapita katikati ya miguu yangu,
ukaenda ukalala wavuni.
Tukashuka daraja.
Ndani ya basi hakuna aliyenitazama.
Mwandishi wa gazeti alipouliza,
Ghislaine alijibu bila kupepesa jicho:
"Kulikuwa na jiwe."
Hapakuwa na jiwe. Nilijua, naye alijua,
na uwanja wa Amiens ulikuwa laini kama siagi.

Kisha goti lake. Lilialika kama kuni kavu,
nikalisikia hadi langoni.
Miaka ishirini na tisa; daktari akamshauri aolewe.
Koleo limevunjika, uhunzi haujaisha:
akaenda kusomea ukocha,
mwanamke peke yake kati ya masharubu ishirini na mawili.
Wakamtuma kahawa.
Alileta kahawa. Alileta na vibonge vya sukari,
akavipanga mezani, vinne nyuma, vitatu kati,
akawaonyesha walivyofungwa Jumapili.
Hawakumtuma tena.

Leo ana mvi, koti refu, filimbi asiyoipuliza.
Wasichana wake wana mishahara, midogo, lakini ipo,
wana mkandaji, wana mtu wa kuwapimia tambi.
Anawafokea mpaka kunguru wa juu ya paa wanahama.
Kocha ni mlezi, husema watu. Hataki sifa hiyo.
"Mlezi ana watoto wake nyumbani. Mimi nina kazi."

Jumamosi nilikuwa jukwaani na thamosi yangu.
Dakika ya tisini, kipa wake Sirine Belkadi, miaka kumi na tisa:
mpira taratibu, miguu wazi, wavu.
Mifupa yangu iliujua kabla ya macho.
Baadaye vinasa sauti vikamzonga:
Kocha, lile kosa?
Akawatazama, akautazama uwanja,
nyasi za plastiki, kijani cha kiwandani,
mita mia na tano bila punje ya mchanga.

"Kulikuwa na jiwe," akasema.

Wakacheka. Yeye hakucheka.
Nyuma yake msichana, kichwa chini,
alikuwa akivua glavu.
Akaacha kuzivua.