Matundu ya Bwanaheri

Bwanaheri alitoboa matundu mawili katika bati
akafa kabla hajapata cha kutia.
Matundu mapana, ya taa za miguu minane,
kayasugua kwa tupa
hata kidole kikipita hakikwaruziki.
Pembeni, kwa penseli ya seremala: 6V6,
na mshale,
kana kwamba alijua atakuja mtu.

Mimi ndiye mtu.
Nimemuoa mkewe, nalala upande wake wa kitanda,
nimejifunza namna mlango wa choo
unavyonyanyuliwa ndipo ufungike.
Amplifaya niliiacha juu ya kabati miaka mitatu
mpaka Mwanasiti alipoishusha mwenyewe,
akaiweka mezani, kati ya sahani ya mihogo
na daftari lake la fizikia,
akasema: Haya, fundi.

6V6 haipo Malindi.
Nimeuliza Maweni, nimeuliza Shela, nimepiga simu Mombasa,
jamaa akacheka hadi salio likaniishia.
Kilichopo ni taa mbili nilizochomoa
ndani ya redio ya Mtaliano mmoja wa Casuarina
aliyeuza jumba, akaondoka, akaacha hata miswaki.
6AQ5. Fupi, kama kidole gumba.
Miguu saba.

Vitabu vinasema ni kitu kimoja:
moto ule ule wa volti sita na nukta tatu,
kazi ile ile, kioo kidogo tu.
Lakini vitabu havikuyaona matundu ya Bwanaheri.
Nilipoisimamisha taa ndani yake
ikapwaya,
mtoto ndani ya kanzu ya babake.

Mwanasiti ameshika tochi, hapepesi macho.
"Ukikosa la mama," akasema,
akaniachia mimi nimalizie.

Sikumalizia.

Nikakata kopo la Kimbo, vipande viwili vya mviringo,
nikatoboa kila kimoja tundu dogo katikati,
nikavifunga kwa skrubu juu ya yale makubwa.
Halafu hesabu: transfoma yake inatoa mia tatu na kumi,
hizi zangu zisizidishiwe mia mbili na hamsini.
Basi njiani nikaweka rezista nene kama kidole cha shahada,
iwe inakula ile ziada, iungue kwa niaba ya wenzake.
Kila nilipolehemu niliona lehemu yake pembeni,
inang'aa, safi kuliko yangu.
Sikuibandua ila palipokuwa hapana budi,
na palipokuwa hapana budi niliomba radhi, kimoyomoyo,
nikajiona mjinga.
Miguu nikaihesabia chini ya bati, ambako kulia ni kushoto,
moja hadi saba, na tena moja hadi saba.

Tukawasha baada ya isha.
Kwanza kimya. Halafu wekundu,
mdogo, kama kaa lililosahauliwa chetezoni.
Halafu mvumo. Nikahamisha waya wa ardhi,
mvumo ukapungua. Kwisha haukwisha.
Mwanasiti akachomeka simu yake,
akaweka wimbo nisioujua, wa vijana, wenye matusi kidogo,
na besi ikaingia chumbani
kama mgeni mnene anayetafuta kiti.
Hakusema nzuri. Aliongeza sauti.
Kisha akachukua kijiti cha piko cha mamake,
akainama, akaandika chini ya ile penseli,
kwa herufi ndogo kuliko za babake:
6AQ5.

Piko haijakauka, tokeni ikaisha.
Feni ikasimama. Taa ya dari ikazima.
Ila wimbo haukukatika papo hapo: ulinyong'onyea,
ukaburura neno moja zaidi gizani,
na vile vioo viwili vikabaki vyekundu
kwa kitambo cha kuvuta pumzi.

Akanyoosha mkono.
Usiguse, nikamwambia. Umeme umekatika nje;
humu ndani huenda bado umo,
umeshikiliwa na kapasita za babako.

Mkono ukabaki hewani.
"Kwa muda gani?"

Jibu lipo, lina hesabu yake, hata daftarini mwake limo.
Nikasema, tusubiri kidogo.