Mizani Saba

Ijumaa, Mabela, saa kumi alasiri.
Majlisi ya Bi Ghaliya, kiyoyozi kinakohoa,
watoto tisa juu ya zulia,
kanzu zao nyeupe zina madoa ya halua magotini.
Nimeandika ubaoni:
Fasihi ni ya nini?

Harith, mwana wa pupa, hangoji nishushe mkono:
"Kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kuhifadhi mila."
Kasoma kama karatasi ya kutumwa dukani,
vitunguu, chumvi, sabuni,
na aliyemkaririsha ni mimi.

Nikawachorea matawi:
huku simulizi, huku andishi,
ngano, methali, vitendawili,
riwaya, tamthilia, ushairi,
kila kimoja na chumba chake, kila chumba na kitasa.
Nyumba nzuri.
Haikai mtu.

Akaingia Mwajabu na birika la kahawa.
Ni wa Korogwe. Mwaka na nusu kwa Bi Ghaliya
umemfunza birika mkono wa kushoto, kikombe wa kulia,
na kutojaza kikombe, maana kujaza ni kumfukuza mgeni.
Siku ile alikijaza changu mpaka kikamwagika.
Macho yalikuwa ubaoni.

"Mwalimu, na ile ya kwenye simu ni tawi gani?"

"Ipi?"

Ile ya usiku, vyombo vikishakauka,
anapopanda darini kwenye matangi ya maji
akamrekodia mwanawe hadithi,
dakika tatu, bando lisije likaisha.
Mbaruku ana miaka sita, analala kwa bibi yake.
Lipo zimwi linamfukuza kijana aliyeliibia kivuli.
Toka Shaabani hadi leo, Mfungo Tano,
halijamkamata, wala halijafa.
"Siliui," akasema. "Nikiliua, kesho ataningojea kwa lipi?
Mkataba umebaki miezi saba.
Na zimwi nimelipa miezi saba."

Nikautazama ubao wangu.
Kuelimisha, hapana. Kuonya, hapana.
Hakuna nilipoandika: kumfanya mtoto angoje.
Hakuna nilipoandika: sauti isisahaulike.

"Na mwisho humwimbia?" aliuliza Nasra.
"Siimbi. Namsemea tu."
Akasema, nami nikaandika mbio, chaki ikavunjika mara mbili:

*Zimwi lingali njiani, mwanangu hujasinzia,*
*Lavuka mto kwa kani, maji yamelizidia,*
*Litafika kwetu lini, kesho nitakwambia,*
*Lala, mama yu kazini, kisa hakijatimia.*

Basi wakaanza kuhesabu kwa vidole,
nane, nane, nane, nane, hawa watoto
ambao Kiswahili chao kina mchanga wa Kiarabu mdomoni,
nane, nane, nane,
mpaka Harith akaruka: "Saba! Hapa ni saba! Limepungua!"
Kwa furaha ya askari aliyemnasa mwizi.

Nikamwambia Mwajabu, kwa upole wa mtu anayejua sana,
"Sema *nitakuambia*. Itatimia nane."

Akajaribu kimoyomoyo, midomo ikicheza.
Akatikisa kichwa.
"Hapana, Mwalimu. Hapo huwa navuta pumzi.
Yeye huisikia ile pumzi. Akiikosa husema,
mama, leo umesoma, hukunihadithia."

Nilikuwa na dasta mkononi.
Miaka thelathini na moja nimefundisha urari,
nimekata mashairi ya watu kwa wino mwekundu
kama kinyozi asiyeuliza.
Nikaiweka dasta chini.

Bi Ghaliya akaita kutoka ndani, unga umeumuka.
Mwajabu akaondoka na birika,
na watoto, wote tisa, wakanigeukia mimi
ambaye sikujua lolote:
"Kivuli alikificha wapi?"

Ijumaa iliyofuata walifika saa tisa, jua bado kali,
viatu vyao vikarundikana mlangoni.
Majlisini sikumkuta mtu.
Niliwasikia jikoni.