Soksi ya Kushoto

Jumatatu. Jezi kumi na nane ndani ya karai,
maji ya mkokoteni, shilingi arubaini mtungi,
na redio nimeitundika kwenye msumari wa ukuta wa choo
kwa sababu hapo ndipo inaposhika.
Saa kumi na mbili kasorobo. Kipenga kinalia,
Shebwana anakohoa karibu na maikrofoni:
"Haya, Mombasa! Nyuki wa Kongowea wamepigwa tatu bila,
na Chengo Mwaringa kakalia benchi dakika tisini.
Nani alaumiwe? Laini ziko wazi."

Wazi kama mlango wa harusi.

Mutiso wa Changamwe ndiye wa kwanza, daima ni wa kwanza,
sijui kazi huifanya saa ngapi:
Chengo ana maringo, tangu anyoe kile kiduku
mpira haukimbilii, angoja aletewe kama chai.
Omondi wa Chaani anamkata: maringo gani?
Mabao kumi na moja, bwana, hesabu kwa vidole,
ukimaliza vya mikono vua kiatu.
Kocha ana wivu. Kocha alikuwa beki,
na beki hampendi mshambuliaji hata akistaafu.
Dada mmoja wa Mikindani, jina hakutaja,
asema mwenyekiti ameshamuuza kwa watu wa Nairobi,
wamfunika asivunjike kabla pesa hazijaingia.
"Kama bakuli la kabatini," asema, na kukata.

Mimi nasugua.

Kisha yule mzee wa Kuze, asiyejua kusema kwa mkato:

*Kocha wetu una mato, ela ya mbele huoni,
Wauzima wetu moto, kwa maji ya kisimani,
Chengo wetu ndiye kito, wamtia kabatini,
Umejichimbia mto, utavuka feri gani?*

Shebwana kacheka hadi tangazo la magodoro likaingia lenyewe.

Sasa nisikizeni mimi, nisiye na namba mgongoni.
Jezi haijui uongo.
Ya Kitsao, aliyechezeshwa badala, ina nyasi kifuani
na jasho la woga, ambalo halinuki kama la mbio.
Suruali ya kipa ni safi magotini. Mabao matatu,
hakuruka hata moja,
na hakuna aliyempigia simu.
Kumi imerudi kama ilivyokwenda,
mikunjo ya pasi yangu bado ipo.
Ila soksi ya kushoto.
Wiki ya tano hii inakuja na doa la manjano juu ya kifundo,
harufu ya mwarobaini, nyuzi za bandeji.

Nilimuuliza wiki ya pili. Alikuja kuichukua mwenyewe,
akachuchumaa hapo penye povu, miaka kumi na tisa,
watu wazima wanamwita simba:
"Shangazi, wakijua hawaninunui.
Mama yuko Kaloleni na paa halijaisha."
Nikasema sijaona kitu. Nikaongeza bluu.

Kocha naye, nadhani, ameona.
Kamkalisha, akakubali atukanwe yeye.

Kwa nini leo nikapiga simu, sijui.
Labda ni Mutiso; "mvivu," kasema tena, mara ya tatu.
Mkono una povu, nabonyeza kwa kidole cha pete.
Yaita. Yaita. "Nani mwenzetu?"
"Mwanakheri wa Barsheba."
Nikajisikia ukutani, sauti yangu
imechelewa kidogo, kama mtu anayenifuata.
"Bi. Mwanakheri! Chengo acheze, asicheze?"

Jirani ameacha kukuna nazi.

Nikasema: "Mimi ndiye ninayewafulia. Mwambieni mwenyekiti
miezi miwili hajanilipa, na sabuni imekwisha."

"Hee! Na hayo nayo ni ya mpira?"
Nilikuwa na jibu, zuri pia. Salio likaniishia.

Mutiso akarudi hewani: yule mama, asema,
ametumwa na kocha kupoteza mada.

Soksi nikaikamua peke yake,
nikaigeuza ndani nje,
nikaianika nyuma ya shuka.