Hesabu ya Meko

Nilikuwa nakunja mdomo wa jiko la kumi na saba,
bati la pipa, bado linanuka mafuta ya alizeti,
Namalwa alipofika Kamukunji na daftari zake
akakalia gunia la vyuma chakavu.
Ana mtihani Alhamisi: Uingereza ya kale,
wafalme na walalahoi wao.
"Baba, wewe gonga tu. Nitasoma kwa sauti.
Kelele zako hunisaidia kukumbuka."

Akasoma. Palikuwa na mfalme
aliyerudi kutoka uhamishoni, akakuta hazina
imekauka kama mfereji wa Kayole.
Na jumba linataka pesa, na mbwa wanataka nyama,
na nywele zake za bandia zinataka poda.
Washauri wakakuna vichwa, wakasema:
tutoze moto.
Kila jiko shilingi mbili kwa mwaka,
moja sikukuu ya Malaika Mikaeli,
moja sikukuu ya Bikira.

Nyundo ikabaki hewani.
"Shilingi?"
"Shilingi, Baba."
Nikapapasa aproni. Zilikuwamo,
sarafu tatu, zimepakaa masizi.
Kumbe neno hili lina miguu mizee hivi,
limetembea kutoka kwenye baridi ya watu
likaja kulala katika mfuko wangu uliotoboka.

Akaendelea. Mfalme mwenyewe hakuja.
Mfalme ana haja gani ya kuja?
Alikuja mtu wa kijiji kile kile, na kalamu na karatasi,
akaingia hadi ndani, akainamia jiko,
akachungulia dohani juu
kana kwamba mfalme alisahau kitu humo.
Na mjane mmoja, aliposikia viatu vyake njiani,
akaziba jiko lake kwa mawe na udongo.
Tangu siku hiyo akapika kwa jirani,
akivuka uani gizani na chungu kichwani.
Akirudi, uji umepoa,
watoto wamelala na mikanda imekazwa.

"Jina lake?"
"Kitabu hakisemi."
Basi nikampa la nyanya yangu, Nekesa,
aliyepika juu ya mafiga matatu.
(Yule wa kalamu angeyahesabu vipi, moja au matatu?)
Na babu naye, walipomtoza kila kibanda,
alikuwa na wake wawili, vibanda viwili,
akawahamishia wote chini ya paa moja.
Karani akaandika: moja.
Babu akabaki na mbuzi wake.
Lakini vita vya mle ndani, Mungu wangu,
vita vile havikuwa na stakabadhi.

"Kisha ikawaje?"
Mfalme mwingine akaja, akaifuta kodi ya meko
ili watu wampende.
"Akatoza nini badala yake?"
Namalwa akapekua kurasa mbili, akacheka kabla ya kusema.
"Madirisha. Miaka saba baadaye."
Mshona viatu wa pili kutoka kwangu
akauliza ni kichekesho gani, tukashindwa kumweleza.

Nikarudia kazi. Tundu la majivu, mlango, bawaba.
Jiko halina siri: unalipa tumbo,
nalo litakula makaa ya mtu yeyote,
ya mfalme, ya mama mboga, ya mlinzi wa usiku.
Nimetengeneza maelfu. Sikuwahi kufikiri
kwamba ninatengeneza kitu cha kuhesabiwa.

Saa tisa akatokea Mutinda wa kaunti,
koti la manjano, kitabu cha risiti kwapani.
Si mtu mbaya. Mkewe alinunua kwangu, kwa deni.
Siku hizi wamemwagiza atoze kwa idadi.
"Fundi, leo ni ngapi?"
Akaanza na kidole: moja, mbili, tatu.

Namalwa hakuinua macho kitabuni.
Alinyanyuka tu guniani, kama aliyechoka kuumia,
akakalia jiko la kumi na saba,
akatandaza sketi yake pande zote mpaka chini,
akasoma kwa sauti swali la tano.

"Kumi na sita," akasema Mutinda.
Nikamhesabia shilingi zake.