Ufito Mfupi

Siku tatu tulibishana mimi na Mize
kando ya jamvi la karafuu, Konde:
tununue upi?
Mrefu wa mita tano, unaosikika hadi Tanga,
au mfupi, nusu yake,
wa masafa yale yale mawili, kebo moja?

Mize akachota karafuu, akapanga:
hiki kilima, huu mnara,
huku bondeni zahanati.
"Mrefu una wimbi bapa kama sinia, Shaame.
Huona mbali.
Bonde lililo miguuni pake haulioni."

Nilinuna. Nilishawaahidi watu Tanga.

Jumamosi akapanda, mimi chini na kamba.
Kiungo cha zamani kilipolegea
kikamwaga maji ya kutu
na sisimizi wawili.
Kipya akakiviringishia utepe wa mpira
kuanzia chini kwenda juu,
kama aezekaye makuti,
chumvi isipate mlango.

Kipimo: moja nukta tatu.
Nikaita Tanga. Kimya.
Nikaita tena, kwa ukaidi tu.

Ndipo Bikombo wa zahanati,
na redio yake ya mkono, wati tano,
akakohoa kabla ya kusema,
karibu mno
hata nikageuka.