Kidole cha Shahada

Mji uitwao Kufa,
sio kufa kwa maafa,
wa matope na masafa,
Furati waupitia.

Hapo palikuwa mtu,
Nahiki, fundi viatu,
mkono una vinne tu
vidole vya kushikia.

Chake kile cha shahada,
kisimamacho ibada,
hakipo tangu ni muda,
kigutu kimebakia.

Watu wakasema: "Vita!
Mbele ya adui sita,
peke yake akiita,
damu yamtambalia."

Hadithi ikanenepa:
sita ni kumi, waapa;
kesho thelathini, chapa,
donge likaumukia.

Mimi, kijana wa taa,
msikitini nakaa,
hadithi ikanijaa
hata ndoto kuingia.

Ijumaa, kwisha sala,
watu bado hawajala,
nikasimama mahala,
nikanena na kulia:

"Enyi watu, tazameni,
kidole kipo peponi,
chamngoja mlangoni
mwenyewe kuwasilia!"

Nahiki akatetema
kama mbuzi mwenye homa,
nguzoni akaegema,
machozi yakimjia.

"Keti, mwanangu," kanena,
"adui sikuwaona,
sikuwa nikipigana,
nilikuwa naibia.

Kabla ya nuru kufika,
mabinti tukiwazika,
tumbo njaa laniwaka,
kwa mjane naingia.

Shayiri yake ya mwisho,
chakula chake cha kesho,
bila soni, bila tisho,
jiwe lake nasagia.

Jiwe likateleza tu,
si upanga wala mtu,
kidole si tena kitu,
ungani kikaingia.

Mjane aliamka,
taa hana ya kuwaka,
ushungiwe akashika
jeraha kunifungia.

Hakuniuliza jina,
wala kelele hakuna:
'Unga chukua, kijana,
una njaa,' kanambia.

Nilipotoka Madina,
viapo tumepeana,
nyumba yake sikuona:
mchanga umefukia.

Leo mwaniita simba,
sifa mwazidi kupamba,
nami roho yaniyumba,
siku ile nawazia.

Midomo itapofungwa,
viungo vitapopangwa
kusema, bila kuchongwa,
yaliyofanywa dunia,

hivi vinne vya karibu
vitanena kwa aibu;
lakini kile, sahibu,
ndicho kilotangulia.

Hakipo kwenye mlango
wa pepo, usiwe mwongo;
kimekaa kwenye ungo
wa mjane, chavizia.

Kila sala ninaketi
nikisoma tahiyati,
kigutu hiki maiti
ndicho ninamwinulia.

Chapokewa? Siyajui.
Hurudishwa? Sitambui.
Lakini sijiinui
kwa cheo mwanipatia."

Pakawa kimya kizito
kama chini kwenye mto,
mimi nikaona moto
usoni wanipandia.

Kesho nikenda dukani,
macho nimetupa chini,
kanishonea makini
ndara iliyoachia.

Nikanong'ona: "Mzee,
hivi mimi niombee."
"La, wewe uniombee,
kila taa ukitia."

Basi usiku wa giza,
utambi nikichokoza,
dua nikaipenyeza,
moshini ikipandia.

Miaka saba kupita,
baridi ikamkuta;
kumwosha wakaniita,
maji nikamtilia.

Nikahesabu vidole,
vinne, na kigutu kile;
kukiosha polepole
ndicho nilichokawia.

Na nje watu walisema:
"Kafa simba, mtu mwema!"
Na sita wakasimama,
thelathini wafikia.

Nilitaka kutamka,
mdomo ukanishika;
unga nikaukumbuka,
sanda nikamfungia.